Tupange Kijiji Ngazi kwa Ngazi



Leo tunataka kuzungumza juu ya mchezo. Msicheke. Mchezo wenyewe ni wa kupanga kijiji kwa vijiti, mawe na vifuu juu ya mchanga, kabla ya kukipanga kwa saruji. Jiwe ukiliweka pabaya, unaliokota. Nyumba ukiijenga pabaya, huiokoti.

Kwa nini tucheze? Ardhi yetu ya Kizimkazi ni ndogo na wanaoitaka ni wengi. Wavuvi wanataka diko. Kina mama wanataka njia ya kwendea pwani. Wakulima wanalima kwenye maweni. Wageni wanakuja kutazama pomboo, na wenye hoteli wanataka ufukwe. Watoto wetu nao watataka pa kujenga.

Mara ya kwanza tulipocheza tulikosea. Tulitia mambo yote katika usiku mmoja: visima, viwanja, hoteli, njia na skuli. Haikupita nusu saa, watu wakagombana juu ya njia moja tu ya pwani. Mkutano ukavunjika. Wazee wawili hawakusemezana mwezi mzima.

Tukajiuliza, kosa letu ni nini? Tukaona kwamba tulitaka kuanzia juu ya ngazi. Je, darasani kwetu tulianza na gazeti? Hasha. Tulianza na a, e, i, o, u. Zikaja silabi, kisha neno, kisha sentensi. Na mtoto wa mvuvi hapewi usukani siku ya kwanza. Huanza kwa kuteka maji ya ngama.

Basi sasa tunacheza kwa ngazi tano. Kila ngazi ina siku yake.

Ngazi ya kwanza: Kiko wapi? Tunachora kijiji kama kilivyo. Tunaanza na kitu anachokijua kila mtu, kama msikiti wa kale wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kutoka hapo tunaweka visima, njia, skuli na diko. Siku hiyo hakuna ruhusa ya kusema "mimi nataka". Tukimaliza tunamwita mtu ambaye hakuwapo. Akiweza kuonyesha njia ya kisima kwa kutazama ramani, tumefaulu.

Ngazi ya pili: Nani anapatumia, na lini? Wanaume wanachora yao, kina mama yao, vijana yao. Kisha tunazilinganisha. Sisi wanaume tulisahau kabisa mwamba wanaokwenda kina mama kutafuta pweza wakati wa bamvua. Hatukuficha. Hatukuuona tu. Je, tungeupangaje mwamba ambao haumo katika ramani? Hapa pia tunataja kusi na kaskazi, maana diko zuri la msimu mmoja huweza kuwa baya msimu mwingine.

Ngazi ya tatu: Jambo moja tu. Kwa mfano, tunachimba kisima kipya. Tukiweke wapi? Choo kisiwe karibu na kisima. Kiwe mbali angalau mita 30. Na kwetu ardhi ni ya maweni yenye nyufa. Uchafu hupita upesi ndani ya nyufa hizo, basi ni bora kuzidisha. Tukishakubaliana juu ya jambo moja, ndipo tunaongeza la pili.

Ngazi ya nne: Miaka ikipita. Hapa tunabadilishana nafasi. Mvuvi anakuwa mwenye hoteli, kijana anakuwa mzee mwenye shamba. Tuliweka mawe 24 kuwa viwanja vya pwani. Kila mzunguko ulikuwa miaka mitatu. Mzunguko wa kwanza tukauza mawe 3, wa pili 6, wa tatu 9. Yakabaki 6, na njia ya diko ilikuwa imekwisha kuzibwa. Ni miaka tisa tu! Watu wakanyamaza kimya. Hapana aliyegombana, kwa sababu kila mtu alihesabu mwenyewe.

Ngazi hii inafaa baharini pia. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, nchini Madagaska, walifunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka. Mwamba ulipofunguliwa walipata pweza wakubwa zaidi. Kungoja huko unaweza kukujaribu kwanza kwa kete juu ya mchanga.

Ngazi ya tano: Kuandika. Mchanga hufutwa na upepo. Hivyo tunainakili ramani katika karatasi, tunaandika tuliyokubaliana, na tunaipeleka kwa Sheha. Tusidanganyane hapa. Ramani yetu si hati. Kwa Sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, chini ya Rais. Wenzetu wa Tanzania Bara wana Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na mpango wa kijiji kwao hufuata hatua sita. Hata wao hawaruki ngazi.

Wengine watasema, "Serikali imekwisha piga picha." Ni kweli. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilitumia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za visiwa vyetu. Lakini picha ya kutoka juu inaonyesha paa na mnazi. Haisemi kwamba kichochoro kile ndicho wanachopita kina mama kwenda pwani. Hilo tunalijua sisi. Tusiposema, tutapangiwa.

Ndugu zetu, kusoma tumejua. Sasa tukisome kijiji chetu. Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri, tukutane chini ya mti karibu na diko. Kila mtu aje na mawe matano. Tutaanza na ngazi ya kwanza, na hatutaipita mpaka wote tumeielewa.