Meli Isipofika kwa Siku Yake

Hotuba ya Katibu kwa Wanachama, Sikukuu ya Miaka Kumi ya Chama



Sisi wakulima wa Karatu, tangu kando ya msitu wa Ngorongoro hata Endabash, hatuioni bahari. Lakini mbaazi zetu nyingi huliwa Bara Hindi, na gunia likiondoka hapa kwa lori halijafika sokoni mpaka lipakiwe melini, Tanga au Dar es Salaam. Kwa hiyo twaomba leo tuzungumze juu ya meli.

Mtakumbuka msimu ule tulipouza kwa masharti ya kupakia melini: sisi tufikishe mzigo, mnunuzi alete meli. Meli aliyoikodi ilicheleweshwa katika bandari nyingine. Magunia yakajaa ghalani, gharama zikapanda, na wadudu hawangojei meli. Siku ya mwisho ya kupakia ilipokaribia, mnunuzi akatuarifu kwamba amepata meli nyingine. Wengi wetu mkutanoni walisema, "Amevunja ahadi, tumuuzie mwingine." Maneno hayo yalikuwa matamu, kwa kuwa bei ilikuwa imepanda.

Halmashauri haikukubali wala haikukataa. Ilisoma mkataba kwanza. Na ilifanya vema. Ushirika mmoja wa wakulima wa Argentina uliuza mahindi kwa masharti kama hayo. Meli iliyotajwa, Oswestry Grange, ilizuiwa na hali mbaya ya hewa. Siku ya mwisho mnunuzi akapata meli nyingine, Austral, iliyoweza kupakia kabla ya saa sita usiku. Ushirika ukakataa, ukisema mkataba umekwisha kuvunjwa. Shauri likafika London, na mwaka 1965 Jaji Widgery akaamua kwamba mnunuzi alikuwa na haki ya kubadili meli maadamu muda haujapita. Waliovunja mkataba wakawa ni wakulima wenyewe. Hakika, haraka haraka haina baraka.

Lakini si kila meli iletwayo yafaa. Sisi tuliuliza mambo matano. Je, itakuwa tayari kupakia kabla ya siku ya mwisho? Je, itatosha mzigo wote? Je, kina chake chalingana na kina cha gati? Je, matumbo yake ni makavu, safi, yasiyo na harufu ya mzigo uliotangulia, na vifuniko vyake havipitishi maji? Je, ina hati halali za ukaguzi na bima? Ziada ya nauli tulimwachia mnunuzi, kwani meli ni jukumu lake. Na mabadiliko yote tuliyaandika na kuyatia sahihi. Mbaazi zikapakiwa, nasi tukalipwa.

Ndugu zetu, ucheleweshaji hautakwisha. Machi 2021 meli Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mamia ya meli zikangoja. Tangu Novemba 2023, kwa sababu ya mashambulio katika Bahari ya Shamu, meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nanyi mwajua tarehe ina uzito gani: Agosti 2017 Serikali ya India iliwekea mipaka mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei yetu ikaanguka.

Basi yatupasa makatibu na mameneja tuulize habari za meli mapema, wala si siku magunia yafikapo bandarini. Yatupasa kila mkataba useme wazi siku ya mwisho ni ipi, nani aweza kubadili meli, na kwa taarifa ya siku ngapi. Nanyi wanachama, mkisikia meli imechelewa, msiuze kwa mlango wa nyuma. Ulizeni kwanza mkataba wasemaje.

Jasho ni letu na mzigo ni wetu. Na neno letu pia liwe letu.