Kukadiria Nishati ya Mwili kwa Wazee wa Shinyanga na Geita: Kanuni Ianze, Mizani Iamue

Mada kwa maafisa lishe wa halmashauri na wahudumu wa makazi ya wazee

1. Utangulizi

Hata mzee akijilaza siku nzima, moyo wake unasukuma damu, mapafu yanavuta hewa, ini na ubongo vinafanya kazi. Nishati inayotumika hapo, mwili ukiwa umepumzika, huwa zaidi ya nusu ya matumizi ya siku kwa wazee wengi. Anayepanga chakula katika makazi ya wazee ya Kolandoto, au anayemshauri mgonjwa huko Nyarugusu, anaanzia kwenye kiwango hicho. Hoja yangu ni kwamba kanuni tunazokitafutia ni za kuanzia tu.

2. Kanuni zimetoka wapi

Kipimo halisi hufanywa kwa mashine inayosoma oksijeni anayotumia mtu na hewa ukaa anayotoa, akiwa ametulia na hajala tangu usiku. Mashine hizo ni adimu, hivyo tunakadiria kwa uzito, urefu, umri na jinsia. Kanuni ya Harris na Benedict ya 1919 ilitokana na Wamarekani, na ya Mifflin ya 1990 vilevile. Ile ya Schofield ya 1985 ilikusanya vipimo vya watu wapatao 7,000, lakini karibu nusu yao walikuwa Waitaliano, wakiwamo askari vijana na wachimba migodi. Wazee walikuwa wachache. Wachina walipojaribu kanuni ya Harris na Benedict kwa watu wao, waliona inazidisha, wakatengeneza yao. Sisi bado tunaazima.

3. Bibi mmoja, majibu mawili

Tuchukue bibi wa miaka 70, kilo 45, urefu sentimeta 150.

Mifflin: (10 × 45) + (6.25 × 150) − (5 × 70) − 161 = kilokalori 877 hivi.
Schofield, kwa wanawake wa miaka 60 na zaidi: (9.082 × 45) + 658.5 = kilokalori 1,067 hivi.

Pengo ni kilokalori 190. Tukizidisha kwa 1.4 ili kujumlisha shughuli za mzee asiyetembea sana, linafika 266 kwa siku: takriban gramu 75 za unga wa mahindi, yaani zaidi ya kilo mbili kwa mwezi. Kwa mtu wa kilo 45, hilo si jambo dogo.

4. Yanayotuharibia hesabu huku kwetu

Umri. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Ukikosea miaka 10, jibu la Mifflin linahama kwa kilokalori 50. La Schofield halihami, mradi mhusika amevuka 60.

Urefu. Mgongo uliopinda unaficha sentimeta kadhaa. Urefu wa goti, mzee akiwa amekaa, hutoa makadirio bora.

Uzito. Miguu iliyovimba inaongeza kilo za maji, na maji hayatumii nishati.

Kazi aliyofanya. Mzee aliyemaliza ujana wake kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) au kando ya makarasha (mashine za kusaga mawe) amevuta vumbi la mawe kwa miaka, na vumbi hilo huumiza mapafu na kufungulia njia kifua kikuu. Homa na kupumua kwa shida hupandisha matumizi ya nishati wakati uleule hamu ya kula inaposhuka. Hakuna kanuni kati ya hizo inayouliza mtu alifanya kazi gani. Swali hilo ni letu.

5. Mapendekezo

(a) Kadiria kwa kanuni mbili na uandike majibu yote mawili, kisha mpe mzee chakula cha kiwango cha juu, hasa akiwa amekonda.
(b) Mpime uzito kila mwezi, kwa mizani ileile. Akipungua, ongeza chakula na umpeleke akachunguzwe kifua.
(c) Usihesabu nishati peke yake. Ugali wa udaga (muhogo mkavu) na michembe (viazi vitamu vikavu) hushibisha, lakini protini yake ni kidogo. Weka dagaa, choroko, karanga au maziwa.
(d) Semina hii iziandikie Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ziombwe kupima wazee wa mikoa hii kwa mashine. Nawaomba washiriki tulipitishe hili kuwa azimio kabla ya kufunga.