Kabla ya Kununua Kisanduku Kingine cha Waifai



Leo tuzungumze juu ya pesa za kikundi zinazopotelea kwenye waifai. Vikundi vingi vimenunua kile kisanduku cha kuchomeka ukutani, ekstenda, ili intaneti ya ofisi ifike ukumbini. Muda si mrefu lawama zinaanza: alama za waifai zimejaa kwenye simu lakini ukurasa haufunguki. Halafu mtu anasimama mkutanoni kusema tununue kikubwa zaidi. Ngojeni kwanza.

Kisanduku hicho husikiliza ruta hewani, kisha hurudia yale yale hewani. Vile vya bei nafuu hutumia redio moja kwa kazi zote mbili, kama mkalimani asiyeweza kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Mwendo unapungua karibu nusu. Na kama katikati kuna ukuta wa mawe au stoo ya mabati, basi kinachomfikia huyo mkalimani ni minong'ono tu.

Sasa kigeuzeni mkitazame. Vingi vina tundu la waya wa mtandao. Vuteni kebo kutoka ruta hadi hapo, isizidi mita 100, ndipo kisanduku kitoe waifai ukumbini bila kutegemea hewa. Lakini kuchomeka tu hakutoshi! Lazima kibadilishwe kazi, kiwekwe kwenye AP. Vingine vina swichi ubavuni, vingine hubadilishwa kwa simu kwenye mipangilio yake. Msipobadilisha, tundu lile hubaki la kutolea intaneti kwa kompyuta, si la kuipokea. Na kikiunganika na ruta kwa waya na kwa hewa pamoja, mtandao mzima unaweza kukwama.

Jina na neno la siri vinaweza kuwa vile vile vya ruta. Chaneli zitofautiane: ruta ikiwa 1, kisanduku kiwe 6 au 11.

Jambo moja hatulifichi. Pimeni kwanza mwendo mkiwa karibu na ruta. Kama hata pale ni wa kobe, waya hautasaidia kitu.

Kebo ya nje iwe ya nje kweli, ipite kwenye paipu ardhini, mbali na nyaya za stima. Ninyi wa Kisii na Kakamega mnaijua radi: mawingu yakikusanyika, chomoeni ncha zote mbili mapema, kabla radi haijaanza. Na umbali upimwe kwa kamba, mkifuata njia ambayo kebo itapita, ndipo mweka hazina atoe pesa.