Maji Yanaporudi Nyuma: Msukumo, Mabomba na Afya ya Mji



Agosti 1969, mjini Worcester katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Holy Cross ilikuwa mazoezini. Jirani kulizuka moto. Wazima moto wakavuta maji mengi, na msukumo katika mabomba ukaanguka. Kwenye uwanja wa mazoezi kulikuwa na visanduku vya koki za kumwagilia vilivyochimbiwa ardhini. Maji yaliyotuama humo yalikuwa yamechafuliwa na watoto wa jirani waliougua homa ya ini, nayo yakanyonywa hadi kwenye bomba la maji ya kunywa. Kati ya wachezaji na makocha 97, waliambukizwa 90. Msimu ukavunjwa baada ya mechi mbili.

Maji yaliyotoka mtamboni yalikuwa salama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichopungua ni msukumo, tena kwa muda mfupi tu. Bomba halijui mbele wala nyuma. Maji hutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo, hata kama penye mdogo ndipo yalipotoka.

Maji hurudi nyuma kwa kunyonywa, kama ilivyokuwa Worcester, au kwa kusukumwa. Nokia, mji wa Finland wenye wakazi wapatao 30,000, ulipata hili la pili Novemba 2007. Katika mtambo wa kusafisha majitaka, bomba la maji ya kunywa lilikuwa limeunganishwa na bomba la majitaka yaliyosafishwa, valvu moja tu ikiyatenganisha. Ilipofunguliwa wakati wa matengenezo, takriban mita za ujazo 450 za majitaka yale ziliingia kwenye mtandao wa mji. Watu zaidi ya 8,000 waliugua. Hii ni Finland, nchi yenye wahandisi hodari na sheria kali.

Sasa tuje kwetu, ambako hatuhitaji moto wala matengenezo ili msukumo upotee. Tuna mgao wa maji. Maji yanapokatwa, yaliyobaki bombani hutelemka kwenye mabonde, na sehemu za juu hubaki zikivuta. Kila ufa na kila kiungio kilichokuwa kikivujisha maji nje huanza kuvuta ndani, na mabomba yetu mengi hupita mitaroni na kando ya vyoo vya shimo. Hata mtu aliyeacha mpira wa maji ndani ya pipa la dawa ya kunyunyizia mboga amekwisha kulikaribisha pipa hilo jikoni kwa jirani. Kwa hiyo nasema bila kusita: mgao ni suala la afya, na anayepanga ratiba yake anapanga pia hatari ya magonjwa.

Kisha kuna pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Simlaumu mwenye nyumba. Maji yakija saa nane usiku, tena bila nguvu ya kupanda kwenye tangi, afanyeje? Lakini pampu ile hunyonya mtaa mzima, na kinachoingia bombani hakichagui nyumba. Afadhali maji yadondokee kwanza kwenye tangi la chini, kisha pampu ivute kutoka humo.

Neno yadondokee nalisisitiza. Mdomo wa bomba ukae juu ya ukingo wa tangi kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake, na umbali huo usipungue milimita 25. Nafasi hiyo ya hewa haina springi ya kuchoka wala mpira wa kukakamaa. Valvu ya kuzuia maji kurudi ni kifaa kizuri, lakini punje ya mchanga huweza kuiacha wazi; isipokaguliwa angalau mara moja kwa mwaka, mtu amenunua matumaini. Wapo wanaotegemea klorini. Miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki hadi bombani kwa mlaji, hakiwezi kushindana na majitaka yaliyoingia kwa wingi.

Naziomba mamlaka zetu zimtumie mtu ambaye tayari anapita mitaani: msoma mita. Apewe maswali matatu ya kujibu kabla ya kuandika namba. Je, pampu inanyonya moja kwa moja kutoka bomba kuu? Je, mdomo wa bomba unazama ndani ya tangi? Je, kuna mpira uliofungwa kwenye koki huku ncha yake imelala ndani ya chombo? Na kazi hii ianzie hospitalini, kwenye maabara na vyumba vya maiti, kabla ya kufika majumbani.