KIBERITI NDANI YA DAWA ZETU: KIWANDANI, GHALANI NA SHAMBANI

Maneno ya hotuba ya mtunza ghala mbele ya mkutano wa wanachama, Kimali, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Waliotangulia kusema wameeleza habari za pamba, za mizani na za malipo. Mimi ni mtunza ghala, na mtunza ghala huzungumza juu ya vitu alivyokabidhiwa funguo zake. Basi nitasema juu ya dawa, na hasa juu ya kitu kimoja kilichofichika ndani ya nyingi kati ya dawa hizo, nacho ni kiberiti.

Vijana wakisikia neno hili hufikiri kisanduku cha njiti. Lakini wazee wetu walilitumia pia kwa lile jiwe la manjano ambalo likiwashwa hutoa mwali wa buluu na moshi wa kukaba koo, na ambalo madukani leo huitwa salfa. Wenzetu wakulima wa korosho wa Mtwara huinyunyiza salfa yenyewe juu ya miti yao kuzuia ubwiri unga. Salfa hiyo ni kiberiti kitupu. Kiberiti ninachokusudia kukieleza mimi ni kile kilichounganishwa kiwandani na vitu vingine, hata hakionekani tena kwa rangi wala kwa umbo.

Zamani kiberiti kingi kilichimbwa ardhini. Siku hizi sehemu kubwa hupatikana katika kusafisha mafuta ya petroli na gesi ya ardhini, maana kiberiti kilichomo hapana budi kiondolewe. Kutoka hapo huanza safari ya dawa, nayo ina njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya makaa. Mwaka 1796 mkemia Mjerumani, Wilhelm August Lampadius, aligundua kimiminika kiitwacho kaboni disulfidi. Viwanda vya kale vilikitengeneza kwa kupitisha mvuke wa kiberiti juu ya makaa ya miti yaliyoiva kwa moto ndani ya tanuri lililozibwa. Viwanda vya leo hutumia gesi ya ardhini badala ya makaa, katika joto la nyuzi 600 na zaidi. Kimiminika hicho ni cha hatari kubwa: bomba lenye joto kama la maji yachemkayo laweza kuuwasha mvuke wake bila ya mwali wowote, na wafanyakazi wengi wa zamani waliouvuta siku nyingi waliharibika mishipa ya fahamu, wengine wakarukwa na akili. Lakini ndicho kinachozaa thiramu, dawa ya kupaka mbegu isiozee udongoni, na mankozebu, ambayo wakulima wa nyanya na viazi huijua vema.

Nanyi wakulima wa pamba mna sababu nyingine ya kukijua kimiminika hiki. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, walipata hati ya kukitumia kuyeyusha ute wa miti na kuufanya nyuzi. Ndiyo rayoni hiyo, inayoshindana na pamba yetu sokoni hadi leo. Basi kiberiti kimoja hulinda mbegu ya pamba, na hicho hicho huisaidia miti ya mbali kuvaliwa badala ya pamba.

Njia ya pili ni ya fosforasi. Fosforasi iliyoyeyushwa huchanganywa na kiberiti kilichoyeyushwa, na vikishikana huwa kitu cha rangi ya manjano. Kitu hicho kikichanganywa na spiriti iitwayo methanoli, kisha kikaungwa na kitu kingine tena, huwa malathioni, dawa iliyotolewa na kampuni ya American Cyanamid ya Marekani mwaka 1950. Wa ukoo huo huo ni pirimifosi-methili, iliyomo katika vumbi la Actellic Super. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipothibitika huko Tabora yule mdudu dumuzi, mgeni kutoka Marekani ya Kati, ambaye wakulima walimpa jina la Skania, vumbi hilo likaja kuokoa mahindi mengi. Ndani yake mna dawa mbili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, na permethrini kwa ajili ya dumuzi, kwa sababu moja peke yake haiwatoshi wote wawili.

Sasa sikilizeni jinsi ukoo huu wa fosforasi unavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Katika malathioni, kiberiti ni kama kufuli. Sumu yenyewe imefungwa. Ikiingia mwilini, kiberiti huondolewa na oksijeni huchukua mahali pake, na kufuli limefunguka. Hapo sumu huizuia mishipa ya fahamu isipumzike, na mdudu hutetemeka hata afe. Binadamu ana bahati kumpita mdudu, kwa kuwa mwili wake unao uwezo wa kuivunja malathioni upesi kabla haijamdhuru, ikiwa ni kidogo na ikiwa ni safi.

Nimesema, ikiwa ni safi. Mwaka 1976 nchini Pakistani watu wapatao 7,500 walikuwa wakipuliza malathioni majumbani ili kuangamiza mbu wa malaria. Watu kama 2,800 kati yao walipatwa na sumu, na 5 walikufa. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili. La kwanza, katika unga ule, wakati ulipokuwa umehifadhiwa, sehemu za malathioni zilikuwa zimebadilishana mahali na kufanya kitu kingine, kiitwacho isomalathioni, ambacho huuondolea mwili uwezo wake wa kuivunja sumu. Joto huongeza badiliko hilo. La pili, wafanyakazi walichanganya dawa kwa mikono na kuvaa nguo zilizolowa. Ndugu zangu, lebo ilikuwa ile ile. Kilichokuwa ndani hakikuwa kile kile tena.

Nami sina haki ya kuwahukumu wengine. Mwaka mmoja niliweka katoni za vumbi la mahindi juu kabisa, chini ya bati, mahali ambapo adhuhuri mkono hauwezi kugusa. Niligawa vumbi lile msimu uliofuata. Baada ya miezi michache mama mmoja mwanachama aliniletea gunia lake. Nilipotia mkono nikatoa unga na maganda matupu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, dawa hii uliinunua wapi?" Dawa ilitoka kiwandani ikiwa nzima, aliyeiharibu ni mimi. Tangu siku ile nimejua kwamba ghala ni chumba cha mwisho cha kiwanda.

Tena tusidhani kwamba dawa iliyosifiwa jana ni lazima isifiwe kesho. Endosulfani, ambayo wakulima wa pamba waliizoea kwa jina la Thiodan, nayo ina kiberiti ndani yake. Lakini hudumu mno katika udongo na huua samaki, na mwaka 2011 mataifa ya Mkataba wa Stockholm yaliiweka katika orodha ya sumu zinazopasa kuondolewa duniani. Atakayewaletea chupa ya zamani kwa bei ya chini, msimpokee.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta maombi matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na chumba cha dawa chenye kivuli na hewa, mbali na chakula na mbegu, na katoni ziwekwe juu ya mbao, wala si chini ya bati. Pili, kila dawa iandikwe siku iliyopokelewa, ya kwanza kuingia iwe ya kwanza kutoka, na iliyopita muda wake isigawiwe kwa mkulima hata kwa bure. Tatu, tununue tu dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na chupa tupu zitobolewe na kurudishwa, zisitiwe mafuta wala maziwa.

Nanyi wapulizaji, mtu akianza kutoka jasho na mate mengi, macho yake yakiwa na mboni ndogo kama ncha ya sindano, na nyama za mwili zikimchezacheza, msingoje. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni hospitali pamoja na chupa ya dawa ile. Mganga anayo dawa ya kumsaidia, iitwayo atropini, lakini lazima amwahi.

Ndugu zangu, miaka 10 iliyopita tuliunganisha nguvu ili tusipunjwe katika mizani. Katika miaka 10 ijayo tuunganishe nguvu ili tusipunjwe katika chupa. Mtu mmoja peke yake hawezi kujua kilichomo ndani ya unga mweupe. Chama chaweza kuuliza, kupima na kukataa. Hiyo ndiyo faida ya ushirika.

Mwenyezi Mungu akibariki Chama chetu, na mashamba yetu, na mikono inayoyalima.