MSOMAJI HUFUATA MTU

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya tovuti na jinsi zinavyomshika msomaji. Jambo hilo si geni kwetu.

Wazee wa Kimakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, usiku ikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mtoni, akafa. Wakapanda juu; wa pili naye akafa. Wakafika uwandani, wa tatu akaishi. Agizo ni moja: msikae mabondeni. Lakini agizo tupu lingesahaulika. Watoto wale hawasahauliki.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Badala ya kuonya tu juu ya UKIMWI, ilimleta Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na Tunu, mkewe. Watu walitega sikio wajue ataishia wapi, UKIMWI ukamwua. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, hivyo watafiti wakapata pa kulinganisha. Waliona kuwa uliwasukuma wasikilizaji kuzungumza juu ya uzazi wa mpango na kuutumia.

Tovuti nzuri hufanya vivyo hivyo. Andika kwamba Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 na ina kilomita za mraba 650 hivi: ni kweli, lakini msomaji atakuacha. Anza na mvuvi wa Msimbati ambaye nyavu zake zimekatazwa. Msomaji atauliza, watoto wake watakula nini? Hapo mweleze habari za kasa, na matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti. Atakusikiliza.

Ila vijana, shikeni hili. Mkwaju alitungwa, na kila mtu alijua ni mchezo. Mvuvi wa tovuti lazima awe mtu kweli, aliyekubali kuandikwa, na maneno yawe yake. Ukimtunga, umewadanganya wasomaji, na wavuvi wa kweli hawataaminiwa tena.

Basi kaandikeni habari za pwani hii. Tukinyamaza, wageni watatusimulia wapendavyo.