Udhaifu wa Mifupa: Hotuba kwa Vyama vya Temeke na Kinondoni


Bibi akiteleza uani kwake Mbagala akavunjika nyonga, twasema ni ajali. Mara nyingi mfupa ulikwisha kupungua miaka mingi bila maumivu, ndiyo ostioporosisi. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyohifadhi mifupa yake hushuka. Umri, tumbaku, pombe nyingi na upungufu wa kalsiamu huzidisha hatari, na wanaume hawakusalimika. Ninachokihofia zaidi ni vidonge vya prednisoloni vinavyomezwa miezi mingi bila daktari kujua. Hata hivyo, anayevitumia asiviache ghafula. Dagaa nao twawatupa vichwa na miiba, kwa madaha tu, ilhali kalsiamu imo humo. Mwanachama aliyevunjika kwa kuanguka kidogo apelekwe hospitali ya Temeke au Mwananyamala, na chanzo kitafutwe, si kufungwa plasta tu.